Soya Inalisha Shamba

Ndugu mkulima, huku kwetu Masukulu mvua ni nyingi. Maji yanachukua rutuba. Mahindi nayo yanakula sana. Ukiyapanda shamba lile lile kila mwaka bila kurudisha kitu, udongo unachoka. Mbolea ya chumvichumvi inataka fedha. Asiye na fedha afanyeje?

Apande soya. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Hicho ndicho chakula kinachoyapa mahindi rangi ya kijani. Lakini mahindi hayawezi kukichukua hewani. Soya inaweza, kwa msaada wa vijidudu wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake.

Hebu pima mwenyewe. Soya ikitoa maua, chimbua mche mmoja polepole. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Je, vinundu hakuna? Msimu ujao chukua udongo kidogo kwenye shamba ambako soya ilistawi, utie katika mashimo ya mbegu.

Wakati wa kuvuna usiing'oe. Kata shina, mizizi ibaki. Ukishapura, makapi yarudishe shambani. Ukibeba yote, shamba linabaki na njaa. Msimu unaofuata panda mahindi pale pale, pamoja na samadi.

Na jikoni je? Soya mbichi inazuia chakula kusagika tumboni, basi ipikwe mpaka iive kabisa. Ikiiva, inawajenga watoto mwili. Hivyo shamba linakula, na nyumba nayo inakula.