Kazi ya ng'ambo ndani ya wiki tatu: karatasi za jamaa ndizo huchelewesha safari

Barua ya kazi inaweza kufika leo, na tarehe ya kuanza ikawa wiki tatu mbele. Hali hiyo huwapata wahasibu, wahandisi na watumishi wa mashirika wanaohamishwa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kwenda Nairobi, Kenya. Wengi hukimbilia tiketi ya ndege na nyumba ya kupanga. Hayo hupatikana kwa siku chache. Kinachochelewa ni karatasi za jamaa.

Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, safari katika ukanda zimekuwa rahisi zaidi. Lakini kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi. Mfanyakazi anahitaji kibali cha kazi. Bibi au bwana yake na watoto wanahitaji kibali chao, na hapo ndipo wanaombwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa.

Wenzi wengi nchini wameoana kimila. Mahari ilitolewa, familia zote mbili zilikula pamoja, lakini ndoa haikuandikishwa komini. Mbele ya ofisi ya uhamiaji ya nchi nyingine, wenzi hao hawana ushahidi. Kwa mtoto, sheria inawapa wazazi siku 90 tangu kuzaliwa ili wamwandikishe. Zikipita, ni lazima kupitia mahakama kabla ya kupata cheti.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya komini. Siku hiyo hiyo, kila mmoja atazame tarehe ya mwisho ya pasipoti yake, na asiyechanjwa homa ya manjano apate chanjo: cheti chake huanza kutumika siku 10 baadaye. Diploma na vyeti vilivyo kwa Kifaransa vipelekwe kwa mtafsiri, maana Nairobi ofisi hufanya kazi kwa Kiingereza.

Masomo nayo yanahitaji mpango. Congo watoto huanza mwaka mpya Septemba. Kenya ni Januari.

Karatasi zisipokamilika, mfanyakazi anaweza kutangulia peke yake. Kabla ya kuondoka, amwachie mwenzake mamlaka ya maandishi kuhusu benki na nyumba, pamoja na ruhusa iliyosainiwa ya kusafiri na watoto. Bila ruhusa hiyo, mama anaweza kuzuiliwa mpakani na watoto wake mwenyewe.