Je, Wajua Kuna Nyota Zinazotengenezwa na Binadamu?

Kumetameta kwa nyota kunapendeza machoni, lakini kwa mwanafalaki ni hasara tupu. Hewa yenye joto na baridi inapochanganyika huuyumbisha mwanga, hata darubini yenye kioo cha mita 8 ikaona kwa undani usiozidi sana ule wa darubini ya sentimita 20. Mwaka 1953 mwanafalaki Horace Babcock alipendekeza tiba: pima mvurugo huo, kisha ugeuze umbo la kioo ili kuufuta. Kipimo hicho, hata hivyo, kinahitaji nyota angavu kando ya kile kinachotazamwa, na sehemu kubwa ya anga haina nyota kama hiyo. Basi hakuna budi iundwe.

Huko Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, darubini ya Yepun hurusha miale minne ya leza ya rangi ya machungwa, kila mmoja una nguvu ya wati 22 na upana wa sentimita 30 hivi. Kwenye kimo cha kilomita 90 miale hukutana na atomu za sodiamu zilizoachwa na vimondo vilivyoungua, nazo zikang'aa kama nyota. Mwanga unaorudi hueleza mvurugo wa hewa ulimopita, na kioo chenye unene wa milimita 2 tu, kinachosukumwa kwa nyuma na vidude 1,170, hujirekebisha hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Wapo wanaouliza: kwa nini tusipeleke darubini zote angani? Kwa sababu undani wa picha hutegemea upana wa kioo. Kioo cha Webb, darubini iliyoko angani, kina mita 6.5, ilhali ardhini kioo kinaweza kuwa kikubwa zaidi: cha darubini ya ELT inayojengwa Chile kina mita 39. Wengine husema leza haiwezi kuonyesha picha nzima inapoyumba, kwani hupita njia ileile kwenda na kurudi. Ni kweli, lakini kwa kazi hiyo nyota hafifu inatosha, na hizo ni nyingi. Ushahidi tunao: kwa msaada wa leza kwenye darubini za Keck, Hawaii, mwanafalaki Andrea Ghez na wenzake walifuatilia nyota zinazozunguka shimo jeusi katikati ya galaksi yetu, lenye uzito wa takriban majua milioni 4, kazi iliyomletea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Ndiyo maana katika ELT leza si nyongeza. Zimo kwenye ramani yake ya ujenzi.