Gharama za Kumtunza Mzazi Mzee: Nani Alipe?



Ndugu wasomaji, baadhi ya familia huuliza: "Je, iko nyumba ambako tunaweza kulipa, mama akatunzwa huko?" Swali hili si dhambi. Watoto wako Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam, mzazi amebaki kijijini. Lakini ni vema tujue ukweli.

Makazi ya wazee ya Serikali, kama Nunge (Dar es Salaam), Fungafunga (Morogoro) na Kolandoto (Shinyanga), si ya kulipia. Yamewekwa kwa wazee wasio na uwezo wala ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Makazi ni hatua ya mwisho. Hata Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Jeanne Jugan huko Ufaransa mwaka 1839, ambao wana nyumba ya wazee Nairobi, hupokea maskini na kuwatunza kwa sadaka za watu.

Kwa hiyo kwa wengi wetu huku Chitete, mzee atatunzwa nyumbani. Tusidanganyike kwamba nyumbani ni bure. Gharama zake ni hizi:

1. Dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari humeza dawa kila siku, hata akijisikia mzima. Akiziacha anaweza kupata kiharusi.

2. Usafi. Sabuni, maji, mafuta ya kupaka, na nguo za kubadilisha kwa asiyeweza kuzuia haja.

3. Chakula. Uji, maharage, mayai, samaki, mboga na matunda, vilivyolainishwa kama hana meno.

4. Nauli ya kwenda hospitali, yake na ya anayemsindikiza.

5. Mikono ya mtunzaji. Hii ndiyo gharama kubwa, nayo haiandikwi popote.

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Mkague kiunoni, kwenye nyonga na visigino. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usimlaze tena upande huo, na umwone muuguzi mapema. Kidonda cha kulala kikichimbika huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kupona. Sasa fikirini: binti mmoja anayelima, anayepika na kulea watoto, atamgeuza mama usiku kucha kwa muda gani? Akichoka yeye, mzee anaoza.

Basi kaeni kikao cha familia. Tuseme gharama nne za kwanza zinafika sh. 80,000 kwa mwezi, na watoto ni 5. Anayekaa na mama asichangishwe, kwa maana tayari anatoa nguvu zake. Wanne waliobaki watoe sh. 20,000 kila mmoja. Tena wamsaidie: wamlipie kibarua wa shambani, au waje kwa zamu ili naye alale. Asiye na fedha alete mahindi, kuni, au siku zake. Andikeni katika daftari nani ametoa nini, ili kusiwe na manung'uniko.

Kama mzazi amefikisha miaka 60 na familia haina uwezo, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Ustawi wa Jamii, atambuliwe kwa ajili ya matibabu bila malipo. Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA nao wanaweza kupanga zamu za kumwogesha na kumfulia.

Katika Injili ya Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, wakaacha kuwasaidia wazazi wao. Tusitoe michango mikubwa hadharani huku dada yetu anakesha peke yake na mama.

Mpigieni simu wiki hii huyo anayekaa na mzazi wenu. Mwulizeni kwanza yeye anaendeleaje, kisha mwulizeni sabuni na dawa zimebaki kiasi gani.