Ufasiri wa Alama katika Ramani za Kijeshi za Wajerumani Afrika Mashariki, 1914–1918

Utangulizi

Kabla ya mji wa Eldoret kupewa jina hilo mwaka 1912, wenyeji waliuita Sisibo. Jina hilo lilitokana na matamshi yao ya nambari 64 kwa Kiingereza, nayo ilikuwa nambari ya shamba ambamo posta ilijengwa mwaka 1910. Hivyo, alama ya mpima ardhi iligeuka kuwa neno katika vinywa vya watu. Ferdinand de Saussure alisisitiza kuwa uhusiano kati ya kitaja na kitajwa ni wa nasibu, na kwamba jamii ndiyo inayoupa nguvu. Makala haya yanautumia msingi huo kuchunguza ramani zilizotumiwa na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hoja kuu ni kwamba ramani hizo haziwezi kufasiriwa kikamilifu bila ujuzi wa Kiswahili.

Kipimo na mapengo

Ramani kuu ya koloni ilikuwa Karte von Deutsch-Ostafrika, iliyochapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Iliandaliwa na Richard Kiepert, kisha ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Kipimo chake ni 1:300,000, yaani sentimita moja huwakilisha kilomita tatu. Kwa mpagazi aliyebeba mzigo, sentimita hiyo ilikuwa takribani mwendo wa saa moja. Vimo vya milima vilitolewa kwa mita ilhali Waingereza walizoea futi. Kwa hiyo, 1,000 ya Mjerumani ni sawa na takribani 3,281 ya Mwingereza.

Sehemu kubwa ya ramani hiyo iliundwa kutokana na kumbukumbu za njia walizopita maafisa, wamisionari na wasafiri. Vijiji, mito na visima hujazana kandokando ya njia hizo, na mbali nazo karatasi hubaki nyeupe. Weupe huo haumaanishi kwamba nchi haikuwa na watu. Aghalabu humaanisha tu kwamba hakuna mpima aliyepita huko.

Rangi na nambari

Rangi nazo hazina maana ya kudumu. Katika ramani za mahandaki za Waingereza kule Ufaransa, mahandaki ya Wajerumani yalichorwa kwa rangi nyekundu na ya Waingereza kwa buluu, hadi mpango huo ulipogeuzwa mwaka 1918. Msomaji anayefikiri kuwa nyekundu daima ni adui atapotoka. Sharti aanzie kwenye ufunguo wa ramani na tarehe ya kuchapishwa kwake.

Nukta pia ina uzito. Katika maandishi ya Kijerumani, nukta inayofuata nambari huonyesha mpangilio. Kwa hiyo, 13. F.K. si kampuni kumi na tatu, bali ni Feldkompagnie, yaani kampuni ya vitani, ya kumi na tatu, ambayo kabla ya vita kituo chake kilikuwa Kondoa Irangi. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi la koloni, Schutztruppe, lilikuwa na kampuni 14 za namna hiyo. Anayeipuuza nukta huweza kukiona kikosi kimoja kama takribani jeshi zima.

Tahajia na majina

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa ufunguo. Wachoraji waliandika majina ya wenyeji kwa tahajia ya Kijerumani: Bagamojo ni Bagamoyo, Moschi ni Moshi, Muansa ni Mwanza, Ssongea ni Songea na Kilimandscharo ni Kilimanjaro. Kwa ujumla, j husomwa y, sch husomwa sh, s moja kabla ya irabu husomwa z na ss husomwa s. Hata hivyo, kanuni hizo hazikufuatwa kila mara. Katika jina Kilwa-Kiwindje, w ya kwanza ni w ya Kiswahili, ilhali ya pili ni v, yaani Kilwa Kivinje. Mjerumani asiyejua Kiswahili hana njia ya kuzitenganisha. Mzawa wa lugha huzitambua papo hapo.

Baadhi ya maneno, kama vile boma na pori, yaliingia katika Kijerumani cha koloni bila kutafsiriwa. Aidha, mahali pamoja pangeweza kuwa na majina mawili. Kilima cha Salaita karibu na Taveta, walikoshindwa Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916, Wajerumani walikiita Oldorobo. Vijiji vingi navyo viliandikwa kwa jina la jumbe. Jumbe alipofariki au kuhama, jina lilibaki kwenye karatasi bila mahali pa kulielekeza.

Hitimisho

Ramani hizi zilionyesha maji, njia, reli na maboma, lakini hazikuwa na alama ya mpagazi. Hata hivyo, kwa hesabu rasmi, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa wakiwatumikia Waingereza, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao imehifadhiwa na lugha: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yanayotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Njia walizopita na kambi walizolala zimo katika ramani hizi, chini ya tahajia ngeni na majina ya majumbe waliokwisha kusahaulika. Kuzisoma upya ni kazi ya mwanahistoria na mwanajiografia, lakini hawataifikisha mbali bila mwanafunzi wa Kiswahili.