Gari Lenye Hitilafu Isiyoonekana Gereji: Mnunuzi Afanye Nini?
Gari lililo ndani ya dhamana hupanda kutoka Muheza kuelekea Amani, na katikati ya mlima injini hukata moto. Likifikishwa kwa muuzaji mjini Tanga limekwisha kupoa, fundi haoni kasoro, na mwenye gari hurudi nalo nyumbani.

Si lazima fundi awe mkaidi. Sensa au waya unaoachia kwa joto hurudia hali yake injini ikipoa. Kwa hiyo mwenye gari aandike kila tukio: tarehe, kilomita, mlima au tambarare, na kama taa ya injini iliwaka. Video ya simu husaidia kuliko maelezo ya mdomo. Aombe gari lijaribiwe likiwa la moto, naye akiwemo ndani.

Kila mara adai karatasi ya gereji yenye malalamiko yake, hata iliyoandikwa “hakuna kasoro”. Dhamana ikiisha, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa alilalamika mapema. Muuzaji akikataa kabisa, mnunuzi anaweza kupeleka malalamiko ya maandishi, pamoja na nakala ya risiti, kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.