Paka Mwenye Kisukari: Ogopa Zaidi Sukari Ikishuka

Paka wangu ana kisukari, nami humdunga insulini asubuhi na jioni. Wengi huuliza kama paka naye hupata maradhi haya. Hupata, hasa aliyenenepa na umri umekwenda. Dalili ni zile zile za binadamu: kunywa maji mno, kukojoa sana, kula vizuri na bado kukonda.

Kipimo cha dawa hupanga daktari wa mifugo. Kazi yangu ni saa, chakula na daftari. Sindano ni kila baada ya saa 12, na kwanza ale. Akikataa chakula au akitapika, simdungi kabla ya kumpigia daktari. Tone la damu hulitoa ukingoni mwa sikio, nikalipima kwa mashine, nikaandika namba. Namba moja ikiwa juu siongezi dawa. Daktari huamua kwa namba za siku nyingi.

Angalia pia bomba la sindano. Insulini ya U-100 ikivutwa kwa bomba la U-40, paka atapata dawa mara mbili na nusu.

Wali na ugali havimfai. Nyama na samaki ni bora. Lakini usimbadilishie chakula kimyakimya, kwani wanga ukipungua, huenda dawa nayo ikabidi ipunguzwe.

Sisi huogopa sukari kupanda, ila inayoua haraka ni iliyoshuka. Akilegea, akiyumba au akitetemeka, mpake asali kwenye ufizi, kisha mkimbize kwa daktari. Usingoje asubuhi.