Aliyelala Kando ya Barabara: Mlevi, Mwizi au Mgonjwa?

Leo tumeacha malaria na chanjo kando. Nataka tuzungumze juu ya yule mtu ambaye mimi na wewe tunampita asubuhi tukienda kazini au sokoni. Amelala karibu na steji, kiatu kimoja hakipo, suruali imelowa. Watoto wa shule wanamcheka. Mama mboga anasogeza meza yake kidogo. Kijana wa bodaboda anasema, "Mwacheni, pombe ikiisha ataamka." Nasi tunaendelea na safari zetu.

Mara nyingi ni kweli, ataamka. Lakini sisi tunaofanya kazi katika kituo cha afya tunawaona wale ambao hawakuamka, au walioletwa saa za jioni ilhali walianguka asubuhi.

Nikupe mfano mmoja. Fundi wa mawe alianguka karibu na duka la mbao. Watu walimnusa, wakasema ni chang'aa. Alikaa pale juani karibu siku nzima, na kijana mmoja akampiga picha kwa simu. Jioni mama anayeuza viazi hapo karibu aliona anapumua kwa kasi na kwa kina, akatafuta mkokoteni akamleta. Tulipopima damu, sukari ilikuwa juu kupita kiasi. Yule bwana hakuwa amekunywa hata tone. Mgonjwa wa kisukari akizidiwa namna hiyo, pumzi yake hutoa harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva sana, na mtu akiinusa kwa haraka anadhani ni pombe. Tulimwekea maji ya mishipa, tukamkimbiza hospitali kubwa, na alipona. Lakini kama angalilala pale hadi usiku, sijui tungesema nini kwa watoto wake.

Sukari ikishuka sana nayo humfanya mtu apepesuke, atokwe na jasho, aongee maneno yasiyoeleweka, hata apigane na anayemsaidia. Aliyetoka kutetemeka kwa kifafa huonekana kama mlevi. Aliyegongwa kichwani pia. Na hata kama ni mlevi kweli, pombe haimzuii mtu kuumia kichwa. Kinyume chake, ndiyo huficha jeraha.

Basi ukimkuta, fanya hivi. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Akijibu vizuri, msaidie kukaa kivulini. Asipojibu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinama kidogo upande, ili akitapika matapishi yasiingie kwenye mapafu. Usimwagie maji baridi. Usimnyweshe maziwa, chai ya rangi wala kahawa. Asiyejitambua hanyweshwi kitu. Tena ini ndilo linaloondoa pombe mwilini, nalo lina mwendo wake, kahawa hailiharakishi. Ikiwa haamki kabisa, au anakoroma na kupumua polepole, au ana kidonda kichwani, au anatetemeka mwili mzima, au ukifunua mdomo wake ufizi umepauka au umekuwa wa samawati, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema "isipokuwa aliyelewa".

Kuna jambo lingine la hatari, nalo ni pombe iliyotiwa sumu ya methanoli. Wakenya tumeliona mara nyingi. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi, hasa mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014 vifo vikatokea katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, na watu wasiopungua 17 wakafa. Methanoli haina haraka. Mtu anaweza kunywa leo jioni, akalala vizuri, na kesho ndipo tumbo linaanza kumkata, kichwa kinauma, na anasema anaona ukungu au vitu vyeupe mbele ya macho. Jamaa wanasema ni uchovu wa pombe. Anayelalamika juu ya macho baada ya kunywa asingoje hata saa moja, na wote waliokunywa naye waje pia, hata kama wanajisikia wazima. Dawa yake ipo hospitalini. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumwongezea pombe nyingine.

Sasa niruhusu niulize swali lisilopendeza. Mbona mtu mwenye gari akilewa katika klabu tunasema "mheshimiwa amechoka" na tunamtafutia dereva, lakini mnywaji wa chang'aa tunamwita chapombe na kumtupia kijiti? Ini haliangalii chupa. Tofauti ni kwamba mmoja analewa nyuma ya lango lake, na mwingine hana lango. Umaskini wake uko barabarani ambapo kila mtu anauona, na sisi tunautaja kama tabia mbaya.

Najua kuna anayenijibu, "Lakini huyo unayemtetea aliniibia sufuria." Ni kweli. Wanaiba sufuria, nguo zilizoanikwa, kuku, mita za maji, vyuma vya kuuza kwa kilo. Mama aliyeibiwa sufuria ya kupikia mandazi ameibiwa biashara nzima, na uchungu wake si mdogo. Sikuombi useme ni sawa. Ripoti kwa mzee wa mtaa, kwa chifu au polisi. Lakini ile kelele ya "mwizi! mwizi!" inayoleta mawe na tairi, hiyo naipinga kama muuguzi na kama raia. Nimeshona vichwa vya vijana waliopigwa kwa sababu ya kitu ambacho bei yake haifiki ya uzi niliotumia. Wengine hawakufika kwangu wakiwa hai. Kwa wizi mdogo, mahakama ina njia nyingine. Tangu sheria ya mwaka wa 1998, hakimu anaweza kumpa mtu kazi ya kutumikia jamii badala ya kumfunga. Umati ukishatupa mawe, hakuna rufaa.

Na akikamatwa, kuna jambo ambalo jamaa wengi hawalijui. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa miaka, mwili wake umejipanga kuishi na pombe. Ikikatika ghafla, saa chache tu baadaye mikono inaanza kutetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne wengine huona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, joto linapanda. Seli nzima inasema anajifanya mwendawazimu, au amerogwa na aliyemwibia. Huo ni ugonjwa, na usipotibiwa unaweza kuua. Ikiwa ndugu yako yumo ndani na unajua alikuwa mnywaji wa kila siku, nenda ukamwambie afisa wa zamu waziwazi: "Huyu alikuwa akinywa kila siku, naomba aangaliwe na daktari." Usione haya.

Kwa sababu hiyo hiyo, mama mpenzi, usimfungie mumeo chumbani siku tatu ili "imtoke". Simwambii aendelee kulewa. Nasema anayekunywa kila siku, tena anayetetemeka asipopata, aache akiwa chini ya uangalizi. Sisi tuna dawa za kutuliza mwili wakati huo, na tunampa vitamini B1, kwa maana anayekunywa bila kula huikosa, akaanza kuchanganyikiwa na kuyumba hata asipokuwa amelewa.

Juu ya shida za maisha nitasema machache, kwa sababu unazijua kuliko mimi. Kazi ya kibarua imekatika, kodi ya nyumba imefika, mke amerudi kwao, mtoto amezikwa. Glasi moja ya bei ya chini inampa mtu usingizi usiku huo. Asubuhi shida iko palepale na mia imepungua. Wapo waliofukuzwa kazi kwa sababu ya pombe, na wapo walioanza pombe baada ya kufukuzwa. Ukimkuta barabarani huwezi kutambua ni yupi, na matibabu ni yaleyale.

Nimebakiza ujumbe mmoja. Mama fulani ameandika hivi: "Sista, kijana wangu ana miaka 27. Ameuza mtungi wa gesi na blanketi zangu. Sasa jirani amesema akimkuta tena kwa kuku wake atamwitia vijana. Nikimpa pesa anakunywa, nisipompa anaiba. Nifanye nini?"

Mama, anza na jirani, leo hii. Nenda na mzee wa mtaa, mkubali kwamba kuku waliibwa, mpange kulipa hata kidogo kidogo, na umwombe jirani mbele ya shahidi kwamba akimshika amlete kwa mzee, asipige nduru. Hilo haliponyi ulevi, lakini linakuwekea mtoto hai ili atibiwe.

Pili, pesa mkononi usimpe. Mpe chakula, uji, maharagwe, hata kama amerudi usiku wa manane. Mwache ale kwanza, usimhubirie.

Kisha ungoje saa ambayo hajalewa sana, umwulize kwa upole mambo manne. Je, amewahi kuona kwamba inafaa apunguze? Watu wakimsema juu ya pombe, hukasirika? Hujiona mwenye hatia baada ya kunywa? Asubuhi huanza na pombe ili mikono itulie, ile wanayoita kuzimua, au "kutoa lock" kwa lugha ya vijana? Akikubali mawili, tunataka kumwona. Akikubali hilo la nne, tunataka kumwona wiki hii.

Akikataa kuja, njoo wewe peke yako kwanza, au umwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu apite nyumbani kama anayewasalimu tu. Unaweza pia kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, hailipishwi. Usishangae akiacha mwezi mmoja na kuanza tena. Wengi hurudi nyuma mara moja au mbili kabla ya kusimama, kama wagonjwa wa shinikizo la damu wanavyosahau dawa, na hatuwafukuzi kwa sababu hiyo.

Siku mtakayokuja, njooni asubuhi, hata kama ameonja kidogo ndipo aweze kutembea. Beba dawa nyingine zozote anazotumia, na kadi yake ya kliniki kama anayo. Ukifika uniulize mlangoni, hamtahitaji kueleza mbele ya foleni yote kilichowaleta.